Chumba kimoja, makanisa matatu na mmoja asiyesali

Kila nikisikia watu wanabishana kuhusu vyuo vya Kikristo, huyu anasema vikaze sheria yule anasema vilegeze, akili yangu inarudi kwenye chumba kimoja cha bweni chenye vitanda viwili vya deka na wasichana wanne. Mmoja wao nilikua mimi. Mlokole, nimeokoka tangu niko sekondari, haikupita wiki nikawa naongoza maombi ya bweni, na nilienda pale nikiamini kabisa kwamba chuo kikishaitwa cha Kikristo basi humo ndani wote tutakua kama mimi.

Fomu ya kujiunga ilikua na kurasa za masharti. Hakuna pombe, hakuna sigara, mvulana haingii bweni la wasichana, sketi ipite magoti, chapeli mara tatu kwa wiki na ukiingia unasaini. Niliisaini huku nafurahi. Wenzangu watatu nao walisaini fomu hiyohiyo, kila mtu na sababu zake, na kuzijua hizo sababu kulinichukua karibu miaka miwili.

Kitanda cha chini yangu alilala Mkatoliki. Siku ya kwanza tu alibandika picha ndogo ya Bikira Maria pembeni ya mto wake, ndogo kama kitambulisho, alafu rozari yake ya mbao akaitundika kwenye chuma cha kitanda, na hicho chuma ndo kilikua kinashikilia godoro langu, kwahiyo usiku akisali nasikia punje zinagonga chuma taratibu, tik, tik, chini ya kichwa changu. Mimi nilifundishwa hizo ni sanamu. Basi nikawa nasali kwa sauti, nakemea, na nilijua anasikia, nilitaka asikie. Nilifanya hivyo wiki mbili nzima. Asubuhi moja tunatandika vitanda akaniuliza kwa upole tu, "Mwenzangu, ukikemea usiku, unanikemea mimi?"

Sikua na jibu. Akakaa akanielezea rozari, kwamba yale mafumbo wanayotafakari mengi ni matukio ya maisha ya Yesu mwenyewe, kuzaliwa kwake, ile bustani alipotoka jasho, msalaba, kufufuka. Nilikua sijui. Yaani nimepigana wiki mbili na kitu ambacho sijawahi hata kukiuliza. Mpaka leo mimi simwombi Maria na yeye anajua, na hilo halijawahi kutugombanisha tena.

Upande wa pili juu alilala Msabato. Ijumaa jua likizama anazima simu, anafunga vitabu vya shule, mpaka Jumamosi jua lizame tena. Tukapewa kazi ya kundi, kiongozi wa kundi mimi, na wengi walikua na nafasi Jumamosi tu. Yeye akasema Jumamosi hawezi. Nikajibu mbele ya wote, asiyefika jina linatoka. Hakubishana. Ijumaa alfajiri nimeamka nakuta karatasi chini ya mto wangu, kurasa kumi na kitu za mkono, sehemu yake yote ameimaliza na nusu ya sehemu yangu ameipitia, vichwa vya habari amevipigia mstari kwa rula. Alikesha Alhamisi. Jina lake nililiacha lakini sikumuomba msamaha, nilijiambia nimemhurumia. Kazi iliyofuata ndo mtu mmoja wa kundi akauliza kwani Jumapili mchana watu wakishatoka makanisani kuna shida gani, na hapakua na shida yoyote. Tulikubaliana ndani ya dakika tano, baada ya mwezi mzima wa kununiana.

Sasa huyu wa nne ndo sababu ya mimi kuandika yote haya.

Binti wa mchungaji. Nyimbo zote za kitabuni anazijua, tena anaimba sauti ya pili bila kutafuta. Mkarimu kuliko sisi wote, ukiumwa yeye ndo anabeba ndoo yako ya maji. Usiku mmoja taa zimeshazimwa, tunapiga zile stori za gizani ambazo mtu anaongea kwa sababu haoni sura za watu, akasema, "Mi siamini tena. Naenda chapeli nakaa tu. Sijui hata kama Mungu yupo."

Kimya. Mkatoliki akamwambia asante kwa kutuambia. Msabato akauliza, tangu lini, akajibu tangu mwaka juzi. Mimi sikusema kitu, nilikua nimegeukia ukutani moyo unanienda mbio, naona kama kuna kitu kichafu kimeingia chumbani.

Nilikua najua pia kwamba kuna siku haendi chapeli kabisa na kuna rafiki anamsainia. Nilikaa na hilo siku nne, alafu nikaandika barua kwa metroni. Niliandika kila kitu, habari ya saini na habari ya kutoamini, na nikatumia lugha ya kiroho kweli, nimesukumwa na mzigo wa upendo kwa ajili ya dada yetu. Na nilimaanisha. Ndo maana naiandika hii, kwa sababu watu wanadhani anayechoma wenzake ni mtu mwenye roho mbaya, na mimi nilifunga siku nzima kabla ya kuipeleka ile barua.

Akaitwa kamati ya nidhamu. Saini za kughushi zilikua nyingi chuo kizima na kila mtu alijua adhabu yake ni onyo la maandishi. Yeye alisimamishwa muhula mzima. Barua ya adhabu ilisema kughushi, lakini mle ndani, alivyokuja kutusimulia baadae, maswali kuhusu saini yalikua mawili, mengine yote ni unaamini nini, unajua baba yako atajisikiaje, umewaambia wangapi. Barua yangu walimsomea. Jina langu walilificha, ila kulikua na maneno mle aliyoyasema sehemu moja tu duniani, kwenye kile chumba, gizani.

Siku anaondoka nilikua nimekaa kitandani kwangu juu, sijui niende wapi. Akafungasha bila haraka. Alikua ameniazima shuka, akaniletea limefuliwa, limekunjwa pembe kwa pembe, na juu yake notsi zake za takwimu, kwa sababu alijua takwimu inanisumbua na mtihani ulikua wiki mbili mbele. Akasema sentensi moja, "Ile usiku nilikua naongea na nyie, sikua naongea na kamati." Akabeba begi.

Notsi zile nilizisomea. Nilifaulu. Sijui niseme nini zaidi ya hapo.

Muhula uliofuata tukawa na somo la historia ya kanisa, mwalimu ni mchungaji mzee, anaongea polepole sana, mpaka unaweza ukalala. Siku hiyo sikulala. Alitupeleka Zürich, Uswisi, mwaka 1527. Kijana anaitwa Felix Manz, kosa lake anafundisha kwamba ubatizo ni wa mtu mzima aliyeamini mwenyewe na anawabatiza tena watu waliobatizwa utotoni. Walimfunga mikono wakamzamisha kwenye mto Limmat. Na waliomzamisha hawakua wapagani. Walikua Waprotestanti, watu wa matengenezo, wenye Biblia mkononi, miaka 10 tu tangu Luther, yule mtawa Mjerumani aliyeanzisha matengenezo ya kanisa, atoe zile hoja zake 95 mwaka 1517. Wamesoma kitabu kilekile, wakatofautiana kwenye maji, basi wakaona maji yaleyale yatumike kumuulia.

Nilikaa pale nahesabu. Mimi nimebatizwa mkubwa, kwa maji mengi, kwa imani yangu mwenyewe, na ndio siku ninayojivunia kuliko zote maishani. Kwahiyo mtu alikufa kwa ubatizo wangu. Mzee akaendelea, Geneva mwaka 1553, Michael Servetus anachomwa moto kwa kukataa fundisho la Utatu, na hapo mtu mmoja anaitwa Sebastian Castellio akasimama akaandika kwamba kumuua mtu si kutetea fundisho, ni kumuua mtu. Kuna wenzangu walikua wanachati nyuma. Mimi niliona kabisa lile shuka lililokunjwa.

Na mzee hakua mtu wa kusema dini zote sawa, alikua na msimamo mkali kuliko wengi wetu. Alimpenda sana Roger Williams, aliyefukuzwa Massachusetts, koloni la Waingereza kule Amerika, kwa mawazo yake akaenda kuanzisha Providence mwaka 1636, mahali ambapo serikali haitamgusa mtu kwa sababu ya dhamiri yake. Williams huyo aliwaona Wakweka, dhehebu jingine la Kikristo, wamepotea, akaandika kitabu kizima kuwapinga, na mwaka 1672, mzee tayari, alipiga makasia mwenyewe mpaka Newport kwenda kufanya nao mdahalo siku tatu. Lakini kwenye koloni lake Wakweka walikaa kwa amani wakati kwa majirani zake wanachapwa viboko na kunyongwa. Mwalimu alirudia hilo mara mbili. Alipiga kasia kwenda kubishana nao, na hakumruhusu mtu awaguse.

Hapo ndo nilielewa kitu kilichokua kinanichanganya. Mimi nilidhani kuvumiliana maana yake nilegeze ninachoamini, niseme rozari sawa, Jumamosi sawa Jumapili sawa, kuamini na kutoamini sawa. Sijawahi kuweza hivyo na sidhani nitaweza. Kilichotakiwa kwangu kilikua kingine kabisa, nimwambie mwenzangu usoni kwamba mi naona umekosea, na nisiende kuchukua fimbo ya mkubwa kummaliza nayo. Ile barua ilikua fimbo. Kama ningeshuka kitandani ile usiku nikamwambia dada, mimi naamini, na ninaogopa ukisema hivyo, tungebishana mpaka asubuhi na angebaki chuoni.

Mzee akatupa Warumi 14 tukasome. Nilikua nimeisoma mara nyingi ila sikuwahi kuona kwamba Paulo mle ndani ana upande wake. Anasema wazi yeye ameshawishika hakuna chakula kilicho najisi chenyewe. Ana jibu. Na bado anamwambia mwenye imani ya kula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula, na kuhusu siku, kila mtu awe na uhakika katika akili yake mwenyewe. Nikampelekea Msabato wetu ile sura nikidhani nimempata, akacheka akasema hiyo wanaisoma sana tu na wana maelezo yao, tukakaa saa nzima. Ile saa niliipenda.

Mkatoliki naye akaniambia kwao halikuja kirahisi, Kanisa lake lilitamka rasmi habari ya uhuru wa dini kwenye Mtaguso wa pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, Desemba 1965, kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume na dhamiri yake. Toka Manz mpaka hapo ni miaka zaidi ya 400. Kwahiyo hakuna kanisa kwenye kile chumba lililokua na haki ya kumnyooshea lingine kidole.

Nilimpigia simu yule dada. Hakupokea. Nikaandika meseji ndefu yenye mistari ya Biblia nikaifuta, nikaandika fupi, nilikosea, nilichukua siri yako nikaipeleka bila ruhusa yako, samahani. Wiki tatu kimya. Alafu ikaja, "Nimeiona." Basi. Sikupata zaidi ya hapo mpaka aliporudi chuoni, na sikustahili zaidi.

Aliporudi, metroni alitaka kumpeleka bweni jingine asije akatuharibu. Tulienda watatu ofisini kwake tukasema tunamtaka chumbani kwetu. Metroni akaniangalia mimi, maana anajua mwandiko wangu. Nikamwambia, "Hasa mimi, mama."

Ilipita miezi ndo akatueleza ilianzaje. Mdogo wake aliumwa, kanisa likafunga siku arobaini, likasali na kutangaza kwamba mtoto amepona. Akafa. Wamerudi kuzika, mtu wa kikundi cha maombi akamwambia mama yake kwamba kwenye nyumba hii kuna mtu hakuamini. Alikua na miaka kumi na tisa na akahisi ni yeye. Hilo jambo hakuwahi kulisema popote, kwa sababu baba yake ndo mchungaji, na chuoni kila Jumatano kulikua na kipindi cha ushuhuda ambapo wote tunajua maneno ya kusema. Nimesimama pale mwenyewe mara ngapi nasema nina amani ya ajabu wakati sina. Ukishafika mahali ambapo jibu moja tu ndo halina adhabu, watu wote watatoa hilo jibu, na wewe kiongozi utabaki unahesabu waumini ambao huwajui.

Sisemi chapeli iondolewe. Chuo ni cha kanisa, kina imani yake na hakijamficha mtu, fomu tulipewa tukasoma. Ukikubali kuingia nyumba ya mtu unafuata taratibu za nyumba, na yeye mwenyewe alikiri saini ilikua kosa lake. Sheria nyingine zinabadilika tu na wakati, chuo cha Wheaton kule Illinois kilianza mwaka 1860 na wanafunzi waliruhusiwa kucheza dansi mwaka 2003, na Ukristo wao upo. Kinachoniuma mimi ni kuadhibu mtu kwa kusema ukweli wa moyo wake. Hapo unakua umemfundisha kudanganya, alafu unamwita mnafiki.

Na kuna kitu kingine lazima nikiseme maana watu wakisikia kuvumiliana wanaingiza kila kitu humohumo. Mwaka wa pili kuna msichana alipata ujauzito akaondolewa bweni ndani ya wiki. Kijana mwenyewe alikua anaongoza sifa chapeli, na aliendelea kuongoza sifa. Kulikua na manong'ono ya siku nyingi kwamba anawasumbua mabinti wa mwaka wa kwanza, na tulikua tunaambiwa tusimhukumu mtumishi. Hiyo si tofauti ya mtazamo. Mtu anayemdhuru mwenzake hatafutiwi Warumi 14. Sisi tulikua wakali kwa urefu wa sketi na hereni, na wapole kwa mtu kama yule, na mimi nikiwa kiongozi wa maombi nilikua sehemu ya huo upole. Barua nilijua kuandika. Ya yule kijana sikuiandika.

Upande wa pili nao tulikosea. Ilipofika mwaka wa tatu sisi tulioanza kujiona tumefunguka akili tukawa tunamcheka dada mmoja wa jirani, anafunga kitambaa kichwani muda wote, hasikilizi muziki usio wa injili, hagusi vipodozi. Tukimwita jina fulani. Aliyetunyamazisha ni huyuhuyu asiyeamini, akasema yule dada hajawahi kumripoti mtu yeyote, mnamchekea nini. Mimi ndo niliyeinamisha kichwa.

Hajarudi kuamini. Watu nikiwasimulia wanasubiri hapo, wanataka niseme mwishoni akaokoka. Hapana. Tulibishana sana, mara nyingine mpaka Msabato anatuomba tulale, na kuna maswali yake mpaka leo sina majibu, la mdogo wake hasa. Mimi bado naomba kwa ajili yake na nilimuuliza kama inamkera, akasema niombe tu ila nisimwambie kila siku.

Muhula wa mwisho niliumwa homa vibaya, wiki ya mitihani. Mkatoliki na Msabato walikua vyumba vya mtihani, akabaki yeye. Nilikua natetemeka mpaka kitanda kinatoa sauti, wakati huo nimeshahamishiwa kitanda cha chini. Akaniwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso, akakaa sakafuni mgongo kwenye chuma cha kitanda, palepale rozari ilipokua inaning'inia. Sikumuomba kitu. Akaanza mwenyewe Zaburi ya 121, ile ya kuinua macho kwenye milima, hakufungua Biblia, anaijua kwa kichwa tangu mtoto. Alisema taratibu, kila mstari, mpaka mwisho, sauti yake ya kawaida kabisa.

Alafu akakaa kimya kidogo, akaniuliza kama nataka azime taa.